Mchezo wa maharage: Michezo ya Kijerumani inayomfungulia mtoto mlango wa soko

Kuna mchezo wa karata kutoka Ujerumani ambao mfanyabiashara wa maharage wa Sirari, Mutukula au Busia angeuelewa kabla hajamaliza kusomewa kanuni zake. Kila mchezaji ana mashamba mawili tu, lakini mkononi ana mbegu za aina nyingi. Asipopata mtu wa kubadilishana naye, atalazimika kung'oa mazao yake kabla ya wakati na kuyauza kwa hasara. Kwa hiyo anafungua mdomo: nipe kunde mbili, nikupe soya tatu. Mwenzake anakataa, wa tatu anaingia na ofa nzuri zaidi, na meza nzima inageuka soko.

Mchezo huo unaitwa Bohnanza. Ulitungwa na Mjerumani Uwe Rosenberg na kutolewa na kampuni ya Amigo mwaka 1997. Jina lenyewe ni utani: Bohne kwa Kijerumani ni haragwe, na Bonanza ni tamthilia ya zamani ya televisheni ya Marekani iliyohusu wafugaji wa ng'ombe.

Bohnanza ni mmoja tu kati ya michezo mingi ya mezani iliyotungwa Ujerumani, au kupata umaarufu wake huko, kwa ajili ya familia. Mingine iliuzwa kwa wingi, ikapitwa na mipya, ikaishia juu ya kabati. Sasa wazazi wa huko wanaifuta vumbi na kuicheza na watoto wao. Afrika Mashariki wengi hawajawahi kuisikia, ingawa kinachofanyika ndani yake, yaani kupatana, kusubiri, kupima gharama na kukumbuka, ndicho kinachofanyika kila siku katika vituo vya mipaka.

Jambo hilo linawagusa wafanyabiashara wa mipakani kwa namna ya pekee. Mzazi anayevusha mzigo huondoka alfajiri na pengine hulala njiani. Mtoto anajua kwamba mama yuko Namanga au baba yuko Rusumo, lakini hajui anafanya nini huko. Anaona gunia likitoka na ada ya shule ikilipwa. Kilichopita katikati hakioni. Na jioni ambayo mzazi yupo nyumbani, mara nyingi kila mmoja ameinamia simu yake.

Kutoka chumba kimoja cha Munich

Wajerumani hawakuanza na maharage. Mchezo wao wa mezani unaojulikana kuliko yote ni ndugu wa ludo, ule ambao karibu kila mtaa wa Afrika Mashariki unaufahamu. Unaitwa Mensch ärgere Dich nicht, maana yake "Mwanadamu, usikasirike". Josef Friedrich Schmidt aliubuni mjini Munich kati ya mwaka 1907 na 1908 ili kuwatuliza watoto wake ndani ya nyumba ndogo. Alianza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, alituma seti 3,000 katika hospitali za kijeshi ili majeruhi wapate cha kupitishia muda, na jina la mchezo likasambaa nchi nzima.

Ludo ya Waingereza na mchezo huo wa Schmidt vina babu mmoja, Pachisi ya India. Kwa hiyo mtoto wa Kigoma anayemrudisha mwenzake nyumbani kwa dadu, na mtoto wa Munich anayefanya vivyo hivyo, wanacheza matawi mawili ya mti mmoja.

Hata kabla ya Schmidt, mchapishaji Otto Maier alikwisha fungua biashara yake mwaka 1883 katika mji wa Ravensburg, kusini mwa Ujerumani, na mwaka uliofuata akatoa mchezo wa safari ya kuzunguka dunia. Kampuni hiyo leo ni Ravensburger, na pembetatu yake ya bluu kwenye pembe ya kisanduku inatambulika mara moja.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 wahakiki wa michezo waliunda jopo la kuchagua Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka, na tuzo ya kwanza ikatolewa mwaka 1979. Jopo hutazama wazo la mchezo, uwazi wa kanuni, mpangilio na mwonekano wake. Mshindi hapewi fedha. Anachopata mchapishaji ni haki ya kuweka alama ya tuzo, kete nyekundu iliyozungushiwa majani, juu ya kisanduku, na kwa haki hiyo hulipa ada. Kwa mfanyabiashara hesabu hiyo ni rahisi kuielewa: mzazi aliyesimama dukani bila kujua achague nini huiona kete nyekundu, huiamini, hununua.

Mwaka 1983 wasomaji wa jarida la michezo walikutana mjini Essen kucheza pamoja. Mkutano ule ukazaa maonyesho yanayofanyika kila Oktoba, ambayo mwaka 2019 yalipokea zaidi ya watu 200,000. Nuremberg nako kuna maonyesho ya kibiashara ya vitu vya kuchezea yaliyoanza mwaka 1950, ambako wachapishaji na wanunuzi wa jumla hukutana.

Hakuna anayetolewa nje

Michezo iliyokua katika mazingira hayo ina tabia zinazofanana. Ya kwanza ni kwamba, kwa kawaida, hakuna anayetolewa nje kabla ya mwisho. Katika Monopoly, mchezaji aliyefilisika hukaa pembeni akiwatazama wenzake kwa saa nzima. Mtoto wa miaka minane akifanyiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hatakuja mezani. Michezo ya Kijerumani humweka kila mtu mchezoni hadi pointi zihesabiwe.

Ya pili ni muda. Mingi huisha ndani ya saa moja, na ile ya watoto wadogo huisha ndani ya dakika 15 au 30. Ya tatu ni kwamba bahati ipo lakini haitawali peke yake. Dadu au karata huleta hali fulani, kisha mchezaji huamua aitumie vipi. Ya nne, ambayo mfanyabiashara ataipenda, ni kwamba anayekataa kushirikiana na wenzake huchelewa. Wachezaji wanashindana, lakini wanahitajiana.

Mchezo uliolitangaza jina la Ujerumani duniani kwa tabia hizo ni Catan, wa mwaka 1995. Mtunzi wake, Klaus Teuber, alikuwa fundi wa meno bandia karibu na mji wa Darmstadt, akibuni michezo yake chini ya nyumba na kuijaribu na mke na watoto wake. Ndani ya Catan watu hubadilishana mbao, udongo, kondoo, nafaka na madini ili wajenge barabara na makazi. Teuber alifariki Aprili 2023, na wakati huo mchezo wake ulikuwa umeuzwa kwa mamilioni ya nakala katika lugha nyingi.

Umaarufu huo ulikuwa na upande wa pili. Kila mwaka visanduku vipya hutoka kwa mamia, na ya miaka 20 au 40 iliyopita husukumwa nyuma. Huko Ujerumani hupatikana katika masoko ya vitu vilivyotumika, katika maktaba za miji ambazo huazimisha michezo kama zinavyoazimisha vitabu, na katika vyumba vya juu vya nyumba za mababu. Jiji la Nuremberg lina hifadhi ya kumbukumbu yenye makumi ya maelfu ya michezo.

Mashamba mawili, karata nyingi

Siri ya Bohnanza iko katika kanuni moja inayoonekana ndogo: mchezaji haruhusiwi kupanga upya karata za mkononi mwake. Zinabaki katika mpangilio uleule zilivyoingia. Zamu yake ikifika, ni lazima apande karata ya mbele, apende asipende. Ya pili anaweza kuipanda au kuiacha.

Shamba moja hubeba aina moja tu. Kama mashamba yote mawili yana kunde na soya, na karata ya mbele ni haragwe jekundu, itabidi avune shamba moja zima ili apate nafasi, hata kama mazao bado ni machache na hayalipi. Dawa pekee ni kuiondoa karata ile mapema, ikiwa ingali katikati ya mkono, kwa kumpa mtu anayeihitaji.

Hapo ndipo soko linapofunguka. Baada ya kupanda, mwenye zamu hufunua karata mbili kutoka kwenye rundo. Anaweza kuzipanda au kuzibadilisha, pamoja na zile za mkononi mwake. Wenzake wanaruhusiwa kufanya biashara naye yeye tu, si wao kwa wao. Karata zilizobadilishwa haziingii mkononi tena. Lazima zipandwe papo hapo na yule aliyezipokea. Mwisho wa zamu huchukua karata tatu mpya na kuziweka nyuma ya zile alizonazo.

Kanuni hizo humfundisha mtoto mambo ambayo mzazi wa sokoni huyajua bila kuyasema. Thamani ya mzigo inategemea nani anauhitaji na lini: karata inayomuua mmoja ndiyo inayomkomboa mwingine. Zawadi inaruhusiwa, lakini hata zawadi inaweza kukataliwa, kwa sababu aliyeipokea atalazimika kuipanda na huenda hana shamba. Na anayebana kila mara, akidai tatu kwa moja, baada ya mizunguko michache hugundua kwamba hakuna anayemgeukia.

Bei nayo ina mantiki. Aina inayopatikana kwa wingi inahitaji kurundikwa sana ndipo ilipe. Katika toleo la awali, aina iliyokuwa nyingi kuliko zote ilikuwa na karata 20, nayo ilihitaji maharage manne kwa sarafu moja na kumi kwa sarafu nne. Aina adimu kuliko zote ilikuwa na karata sita tu, lakini mbili zikaleta sarafu mbili na tatu zikaleta tatu.

Zaidi ya hapo, sarafu si vitu vya pembeni. Nyuma ya kila karata kuna picha ya sarafu. Mchezaji akivuna, hugeuza baadhi ya karata kuwa fedha yake na zilizobaki huzitupa kwenye rundo la kuchanganywa tena. Maana yake, kila haragwe lililogeuka fedha limetoka sokoni. Mtoto makini atahesabu: kunde ni kumi, nne zimekwishageuka sarafu, zimebaki sita. Je, inafaa kuendelea kuzisubiri? Rundo likiisha mara ya tatu, mchezo umefika mwisho na mwenye sarafu nyingi ameshinda.

Mchezo huo huwafaa watu watatu hadi watano, na mtoto wa miaka kumi hivi anaumudu.

Sungura, kalunguyeye na bei ya mwendo

Mchezo wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Spiel des Jahres, mwaka 1979, uliitwa Hase und Igel, yaani Sungura na Kalunguyeye. Mtunzi wake hakuwa Mjerumani. Alikuwa Mwingereza David Parlett, na kwao uliitwa kwa jina la sungura na kobe ulipotoka mwaka 1974. Wajerumani waliubadilisha jina kwa sababu katika ngano zilizokusanywa na ndugu wawili wa ukoo wa Grimm, anayemshinda sungura ni kalunguyeye. Humweka mkewe, anayefanana naye, mwisho wa njia, na sungura akifika anamkuta mtu amekwishatangulia. Watoto wa Afrika Mashariki wanaijua hila hiyo kupitia kobe anayewapanga ndugu zake njiani.

Katika mchezo huu hakuna dadu ya kusogezea. Kila mchezaji huamua mwenyewe aende nafasi ngapi, na hulipa kwa karoti. Nafasi moja ni karoti moja. Nafasi mbili ni karoti tatu. Tatu ni karoti sita, nne ni kumi. Kadiri mtu anavyokwenda mbali kwa mkupuo, ndivyo kila hatua ya nyongeza inavyozidi kuwa ghali.

Mzazi anayelipia mafuta ya gari atauona ukweli wake haraka. Kwenda nafasi kumi kwa mara moja hugharimu karoti 55. Kwenda tano, kisha tano tena, hugharimu 15 na 15, jumla 30. Umbali ni uleule, tofauti ni karoti 25. Lakini anayekwenda polepole anaweza kukuta nafasi anayoitaka imekaliwa na mwingine. Kwa hiyo mtoto hapewi jibu moja la kukariri. Kila zamu ana hesabu mpya ya kupiga.

Karoti zikipungua, mchezaji anaweza kurudi nyuma hadi kwenye nafasi ya kalunguyeye na kulipwa karoti kumi kwa kila nafasi aliyorudi. Kurudi nyuma, ambako katika ludo ni adhabu, hapa ni njia ya kutafuta mtaji. Tena, mtu hawezi kumaliza mbio akiwa amerundika akiba: wa kwanza kufika haruhusiwi kuwa na karoti zaidi ya kumi, na ni lazima awe amekwisha kula saladi zake tatu, kila moja ikimgharimu zamu ya kusimama. Mara nyingi anayeongoza hufika mlangoni na mzigo wa karoti asioweza kuingia nao, huku wa nyuma yake akipiga hesabu na kumpita.

Kwa mtoto anayesoma darasa la nne au la tano, hayo ni mazoezi ya kujumlisha na kutoa ambayo hakuna mwalimu aliyeyaandika ubaoni.

Wadogo nao wana zamu yao

Si kila mtoto ana miaka kumi. Kwa wa miaka sita kuna Sagaland, mchezo wa mwaka 1981 ulioshinda tuzo ya mwaka 1982. Uliotungwa na Alex Randolph na Michel Matschoss, mchezo huu una msitu wa miti midogo ya plastiki, na chini ya kila mti kuna picha ya kitu cha hadithi. Mchezaji akifika kwenye mti kwa idadi kamili ya dadu, huchungulia chini yake peke yake. Mfalme anapotaka kitu fulani, anayekumbuka kilipo hukimbilia kwenye kasri na kukitaja.

Hapa mtoto mdogo mara nyingi humshinda mtu mzima bila kubebwa. Kichwa cha mzazi kimejaa madeni, mizani na namba za magari. Cha mtoto kina nafasi ya kukumbuka kiatu kiko chini ya mti upi.

Kwa wa miaka mitatu hadi mitano kuna Obstgarten, yaani Bustani ya Matunda, uliotungwa na Anneliese Farkaschovsky na kutolewa na kampuni ya HABA mwaka 1986. Kuna miti minne, kila mmoja na matunda kumi ya mbao: tufaha, pea, cheri na plamu. Dadu ina pande nne za rangi za matunda hayo, upande mmoja wa kikapu na upande mmoja wa kunguru. Ikitoka rangi, mtoto huchuma tunda moja. Kikitoka kikapu, huchuma mawili anayoyataka. Akitoka kunguru, kipande kimoja cha picha yake huwekwa ubaoni. Picha ina vipande tisa. Vikikamilika kabla matunda hayajaisha mitini, kunguru ameshinda na wachezaji wote wameshindwa kwa pamoja.

Kwa kuwa adui ni kunguru, ndugu wawili hawana sababu ya kupigana. Na hata hapo kuna uamuzi wa kufanya: kikapu kikitoka, ni busara kuchuma kwenye mti wenye matunda mengi zaidi, kwa sababu mti ukiisha mapema rangi yake kwenye dadu huwa haina kazi tena.

Jina la mtunzi juu ya kisanduku

Kuna kisa kimoja cha kibiashara nyuma ya michezo hii. Kwa miaka mingi visanduku vilibeba jina la kampuni tu. Mwaka 1988, katika maonyesho ya Nuremberg, watunzi 13 walitia saini tamko lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi ngumu cha kuwekea glasi ya bia: hakuna hata mmoja wao atakayempa mchapishaji mchezo kama jina la mtunzi haliandikwi juu ya kisanduku. Alex Randolph wa Sagaland alikuwa miongoni mwao. Baada ya muda jambo hilo likawa desturi, na ndiyo sababu leo mnunuzi anaweza kumfuata mtunzi anayempenda kama msomaji anavyomfuata mwandishi.

Somo hilo linawahusu pia mafundi na wabunifu wa ukanda huu, ambao kazi zao huvuka mpaka mara nyingi bila jina la aliyezitengeneza.

Hata hivyo, si kila kisanduku kimeitazama Afrika kwa jicho jema. Mwaka 2015 Mwaustria Alexander Pfister alitoa mchezo wa watu wazima uitwao Mombasa. Ndani yake wachezaji hununua hisa za kampuni za kibiashara zinazopanuka barani kutoka Mombasa, Cairo, Cape Town na Saint-Louis katika enzi za ukoloni. Mwaka uliofuata ulipata tuzo nyingine kubwa ya Ujerumani, Deutscher Spiele Preis, lakini uchaguzi wa ukoloni kama mandhari ya burudani ulizua maswali. Mwaka 2022 mfumo wake ulitolewa upya kwa jina la Skymines, safari hii kampuni zikichimba madini mwezini. Mzazi wa Mombasa au wa Mwanza anayechagua mchezo wa kigeni ana haki ya kutazama hadithi iliyomo, si kanuni pekee.

Mkasi, katoni na kalamu

Afrika Mashariki haikukaa mikono mitupu ikingoja visanduku. Bao la Waswahili, lenye safu nne za mashimo manane na kete 64, linahitaji akili kuliko michezo mingi ya dukani. Omweso wa Uganda, igisoro cha Rwanda na ikibuguzo cha Burundi ni wa ukoo huohuo. Ni moja ya vitu ambavyo ukanda huu ulikuwa navyo kwa pamoja kabla ya kuwapo kwa jumuiya yoyote ya kutia saini. Tatizo ni kwamba katika miji mingi bao limebaki la wanaume wazima chini ya mti, na mtoto husimama nyuma akitazama. Kinachoweza kuazimwa kwa Wajerumani ni ile desturi ya kumpa mtoto kiti.

Na kiti hicho si lazima kiwe cha gharama. Kisanduku cha Bohnanza kwa kawaida hakizidi euro 15 huko Ujerumani, lakini usafiri na kanuni zilizoandikwa Kijerumani ni kikwazo. Kwa kuchezea nyumbani, familia inaweza kukata karata 104 kutoka kwenye katoni na kufuata idadi za toleo la awali kwa majina ya mazao ya hapa: choroko 20, dengu 18, mbaazi 16, njegere 14, soya 12, kunde 10, maharage mekundu 8 na njugu mawe 6. Soya, kunde na maharage mekundu tayari vimo katika mchezo wa Rosenberg.

Malipo ni haya. Choroko: nne, sita, nane au kumi kwa sarafu moja, mbili, tatu au nne. Dengu: tatu, sita, nane, tisa. Mbaazi: tatu, tano, saba, nane. Njegere: tatu, tano, sita, saba. Soya: mbili, nne, sita, saba. Kunde: mbili, nne, tano, sita. Maharage mekundu: mbili, tatu, nne, tano. Njugu mawe: mbili kwa sarafu mbili, tatu kwa tatu. Kila mchezaji huanza na karata tano. Shamba lenye haragwe moja halivunwi ikiwa shamba lake lingine lina zaidi ya moja.

Bustani ya matunda ni rahisi zaidi: vizibo 40 vya soda vilivyopakwa rangi nne, dadu iliyobandikwa karatasi, na picha ya kunguru iliyokatwa vipande tisa. Kutengeneza nakala ya kuchezea nyumbani ni jambo moja. Kuzizalisha na kuziuza ni jambo jingine, maana kazi hizo zina wenyewe, na majina yao yapo juu ya visanduku.

Kwa wanaopita katika maduka ya mitumba ya vitu vya nyumbani, alama za kutazama ni kete nyekundu ya Mchezo wa Mwaka, kete ya bluu ya tuzo ya watoto, na pembetatu ya Ravensburger. Kisanduku kihesabiwe vipande kabla ya kulipiwa. Dadu iliyopotea hupatikana kokote, lakini karata zilizopungua huharibu mchezo.

Siku ya kwanza itakuwa ngumu. Mtoto atakubali ofa mbaya, atalazimika kung'oa dengu mbili zisizolipa, pengine atanuna. Mzazi ana kishawishi cha kumfanyia uamuzi. Afadhali amwache. Mzunguko wa tatu au wa nne mtoto atakataa zawadi ya choroko kwa sababu ameona itamharibia shamba, na atasema sababu yake mbele ya meza. Baada ya hapo ni rahisi kwake kuuliza kwa nini mama aliuza gunia kwa bei ile Ijumaa iliyopita badala ya kusubiri Jumatatu. Hilo halimo katika kanuni za Mjerumani yeyote, na mwenye jibu ni mama.